Mfalme Mwenye Ndevu na Joto Lililomlisha

Katika toleo lililopita nilimtaja Barbaturex kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa mjusi wa kale mla majani, mwenye urefu wa karibu mita 2, aliyekuzwa na joto la dunia ya wakati wake, kisha nikaendelea na habari za mamba. Wasomaji hawakukubali. Barua nyingi kuliko kawaida zimemuulizia mjusi huyo, nami nimefurahi sana, kwa sababu katika miaka 31 niliyosimama mbele ya ubao nikifundisha biolojia sikuwahi kupata nafasi ya kumsimulia. Alipewa jina mwaka 2013, mimi nimeshastaafu. Leo ukurasa wote ni wake.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Uliandika kwamba Barbaturex alikuwa mjusi mla majani mwenye urefu wa karibu mita 2. Rafiki yangu anasema kilichopatikana ni mifupa ya taya tu. Kama ni kweli, walijuaje urefu wake, na walijuaje alikula nini? Halafu kwa nini apewe jina la mwanamuziki?

Marahaba mwanangu. Rafiki yako hajakosea, karibu yote tunayoyajua yametoka kwenye taya. Lakini usiidharau taya.

Mezani kwangu kuna kiberiti kisicho na njiti. Ndani yake, juu ya pamba, nimelaza taya ya chini ya mjusi wa jamii ya agama, wale ambao madume yao hukaa ukutani wakipandisha na kushusha kichwa. Nilimkuta amekufa kwenye kizingiti cha dirisha la darasa, mwaka wangu wa mwisho kazini. Taya yenyewe haifiki sentimita 3. Ukiiangalia kwa macho tu, utaona kijifupa chenye ukingo wa msumeno. Ukiiweka chini ya lenzi ndipo inapoanza kusema.

Meno yako wewe yamekaa kwenye mashimo ya taya. Meno ya kenge yameegemea ukuta wa ndani wa taya, na likichakaa moja huota jingine. Lakini meno ya mjusi wangu, ukitoa yale machache ya mbele kabisa, yamesimama juu ya ukingo wa taya na kuungana nao. Huoni mstari unaosema hapa jino limekwisha na hapa mfupa umeanza. Kinyonga naye yuko hivyohivyo. Meno ya namna hii hayabadilishwi. Mjusi anavyokua, taya hurefuka kwa nyuma na huko nyuma huongezwa meno mapya, ya zamani yanabaki mbele yakiendelea kusagika. Kwenye taya yangu, meno ya nyuma ni pembetatu zenye ncha kali. Yanayofuata mbele yamelika nusu. Na yaliyo mbele zaidi yamebaki vilima vidogo vya rangi ya kahawia, karibu sawa na mfupa. Maisha yote ya mjusi yule yamepangwa hapo kwa safu, ujana nyuma na uzee mbele. Kila ninapoitazama namshukuru kiumbe yule.

Sasa turudi kwa Barbaturex. Mifupa yake ilitoka kwenye miamba ya Pondaung, katikati ya Myanmar, nchi ambayo wakati huo bado ilikuwa ikiitwa Burma. Iliokotwa miaka ya 1970 na kuhifadhiwa katika jumba la visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, la Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Ikakaa humo miongo kadhaa. Aliyekuja kuichunguza kwa undani ni Jason Head, mtaalamu wa watambaazi wa kale, pamoja na wenzake, nao wakaitangaza mwaka 2013 kwa jina la *Barbaturex morrisoni*. Meno yamesimama juu ya ukingo wa taya na kushikana nao, kama ya mjusi wa kiberitini mwangu. Hapo ukoo wake ukajulikana: yumo katika kundi moja na agama na vinyonga.

Ukoo ukishajulikana, urefu nao unakadirika. Unawapima mijusi wengi wa ukoo huo walio hai, unaangalia uwiano kati ya taya na mwili, kisha unarudi kwenye taya yako kubwa na kupiga hesabu. Makadirio yaliyotoka ni mwili wa kama mita 1.8 kutoka puani hadi ncha ya mkia, na uzito wa kama kilo 27. Hayo ni makadirio, tuyaite hivyo. Lakini kilo 27 ni uzito wa mtoto wa miaka minane hivi, na huyo ni mjusi wa jamii ambayo wewe umezoea kumwona akiwa na uzito usiofika hata wa limau.

Na chakula? Umbo la meno na la taya linalingana na la mijusi wala majani wa ukoo uleule, hasa wale wa jenasi *Uromastyx*, mijusi wa jangwani wenye mikia yenye miiba. Mla nyama huhitaji meno ya kuchoma na kushikilia. Mla majani huhitaji kitu cha kukata, tena akate kutwa nzima.

Kuhusu jina: *barbatus* kwa Kilatini ni mwenye ndevu, na *rex* ni mfalme. Chini ya taya yake kuna matuta ya mfupa yanayokwenda kwa safu, na hayo ndiyo yaliyoitwa ndevu. Morrison ni Jim Morrison, mwimbaji wa kundi la The Doors la Marekani, aliyefariki mwaka 1971. Alikuwa akijiita mfalme wa mijusi. Head alikuwa akisikiliza nyimbo za kundi hilo wakati wa utafiti wake, akampa mfalme wa kweli jina la yule wa jukwaani. Mimi napenda majina ya namna hii. Mwanafunzi hulikumbuka jina lenye kisa.

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wawili na sikusoma sayansi, lakini nimejiuliza jambo moja. Unasema mjusi huyo alikuwa mkubwa kwa sababu dunia ilikuwa na joto. Mbona nchi za joto zipo hata leo, na mijusi wake ni wadogo?

Mama, hilo ndilo swali lenyewe hasa. Niruhusu nilijibu bila haraka.

Tuanzie ndani ya mwili. Wewe na mimi tunajitengenezea joto, na sehemu kubwa ya chakula tunachokula inaishia huko. Mjusi hafanyi hivyo. Yeye huliota jua. Kwa hiyo mjusi hutosheka na karibu sehemu moja ya kumi ya chakula anachohitaji mamalia wa uzito uleule. Ni faida kubwa hiyo! Lakini inalipiwa: kukimbia, kukua, kusaga chakula, kila kazi ya mwili wake inasubiri mwili upate moto kwanza.

Na mla majani anasubiri zaidi ya wengine. Majani ni chakula kigumu. Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anayeweza kuzimeng'enya kuta za chembe za majani peke yake. Wote huwategemea bakteria walioko tumboni wanaoyachachusha. Iguana wa kijani wa Amerika, mjusi mkubwa mla majani, amechunguzwa sana katika jambo hili. Mwili wake ukiwa na joto la karibu nyuzi 36 za Selsiasi, uchachushaji unakwenda vizuri. Joto likishuka, majani yanakaa tu tumboni. Watoto wa iguana huzaliwa bila bakteria hao, na mojawapo ya njia wanazowapata ni kula kinyesi cha wakubwa wao. Darasani kwangu hapo palikuwa na kelele siku zote. Nilikuwa nawaacha wamalize kucheka, kisha nawaambia waangalie tena: mtoto yule hajui lolote, lakini anakwenda kuchukua kwa mkubwa kile ambacho bila hicho angekufa njaa katikati ya majani.

Basi mjusi mla majani mwenye mwili mkubwa ni pipa kubwa la kuchachushia, na pipa hilo linataka moto wa kudumu.

Sasa kwa nini hawapo leo? Jibu lililozoeleka ni kwamba mamalia wamewabana. Swala, ng'ombe na jamaa zao wanamaliza majani, na paka na mbwa wa mwituni wanawala mijusi wenyewe. Ushahidi wa hoja hiyo ni visiwa. Mijusi wala majani wakubwa wa leo wengi wako visiwani, mahali ambapo mamalia wakubwa hawakufika: iguana wa nchi kavu wa Galápagos, iguana wa buluu wa Grand Cayman, wanaofikia kilo 13 au 14. Iguana wa kijani anayeishi bara, pamoja na mamalia, mara nyingi hafiki hata kilo 10. Hata kenge wa Komodo, mla nyama mwenye urefu wa mita 3, ni wa visiwani. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa miaka mingi, na nilikuwa na hakika.

Halafu anatokea Barbaturex. Pondaung hakikuwa kisiwa. Miamba ileile iliyotoa taya zake imetoa mamalia wengi: jamaa wa kale wa viboko, wala nyama, na jamii ya kima kama *Pondaungia* na *Amphipithecus*, ambao ndio walioipa Pondaung umaarufu kabla ya mjusi huyu. Walikuwa wakinywa maji yaleyale na kula majani yaleyale. Na katikati yao alikuwapo mjusi mkubwa kuliko wengi wao. Kama mamalia peke yao ndio wanaowafanya mijusi kuwa wadogo, huyu asingeonekana pale.

Ndiyo maana Head na wenzake waliligeukia joto. Barbaturex aliishi katika kipindi cha Eosini, miaka milioni 40 hivi iliyopita. Wakati ule hewa ilikuwa na kabonidioksidi nyingi kuliko leo, na kwenye ncha za dunia hakukuwa na matandiko ya barafu tunayoyajua sasa. Barafu kubwa ya Antaktika ilianza kutanda kama miaka milioni 34 iliyopita. Mapema zaidi ndani ya Eosini hiyohiyo, kasa na jamaa wa mamba waliishi kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali ambapo leo ni barafu na giza la miezi. Mary Dawson na Robert West walianza kuyaona mabaki ya wanyama hao huko mwaka 1975. Ikiwa mamba alistahimili huko juu, jiulize nchi za tropiki zilikuwaje.

Jibu la swali lako limejificha hapo, mama. Nchi za joto za leo ni za joto kweli, lakini mijusi wala majani wa leo wanaishi katika dunia iliyopoa. Tofauti ya nyuzi chache, ambayo wewe na mimi tungeimaliza kwa kuhamia kivulini, kwa mnyama asiyejitengenezea joto ndiyo tofauti kati ya tumbo linalofanya kazi usiku na mchana na tumbo linalosimama jua likizama. Na palipo na joto, mvua na kabonidioksidi nyingi, majani hayamaliziki.

Head huyohuyo, miaka minne kabla ya Barbaturex, alikuwa miongoni mwa waliomtangaza Titanoboa, nyoka wa mita 13 hivi kutoka mgodi wa makaa ya mawe wa Cerrejón nchini Kolombia. Waliutumia ukubwa wa nyoka yule kukadiria joto la mahali alipoishi, wakapata wastani wa nyuzi 30 hadi 34 kwa mwaka. Yaani mwili wa mtambaazi uligeuzwa kipimajoto. Ni fikra nzuri sana, japokuwa wako wanasayansi walioipinga hesabu hiyo, na wana haki ya kuipinga.

Nami sitaki nikuache ukidhani joto ndiyo hadithi nzima. Australia ilikuwa na Megalania, kenge mkubwa kuliko wa Komodo, na huyo aliishi katika zama za barafu. Alikuwa mla nyama, na katika bara ambalo wala nyama wakubwa walikuwa wachache. Kwa hiyo nafasi nayo ina kazi yake. Lakini ukiniuliza kuhusu mla majani wa kilo 27, bara, katikati ya mamalia, nitakuambia joto, na nitalisema bila kusita.

Je, Barbaturex ni dinosaria?

Hapana. Dinosaria, ukiwatoa ndege ambao ndio waliobaki wa ukoo huo, walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Huyu alikuja zaidi ya miaka milioni 20 baadaye, na ni mjusi kwelikweli, miguu imetanuka pembeni mwa mwili. Kuwa mkubwa na wa kale hakumfanyi mnyama awe dinosaria.

Mwalimu, ikiwa joto ndilo lililowakuza, na sasa dunia inapata joto, mijusi wakubwa watarudi? Mjukuu wangu ameniuliza nikakosa jibu.

Mwambie mjukuu wako kwamba ameuliza vizuri, na kwamba hatawaona.

Sababu ya kwanza ni muda. Mwili wa kilo 27 haujengwi katika maisha ya mtu. Unajengwa katika vizazi visivyohesabika vya mijusi, kila kizazi kikisogea kidogo. Hata joto la ghafla linalojulikana sana la mwanzoni mwa Eosini, miaka milioni 56 iliyopita, lilichukua maelfu ya miaka kupanda. Hili letu linapanda mbele ya macho ya babu na mjukuu wake.

Sababu ya pili inaniuma zaidi. Mwaka 2010 Barry Sinervo na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mijusi wa jenasi *Sceloporus* nchini Meksiko. Walirudi kwenye maeneo 200 ambako mijusi wa spishi 48 walikuwa wameandikwa tangu mwaka 1975. Kufikia mwaka 2009, asilimia 12 ya makundi hayo ya mahali walikuwa wametoweka. Msitu upo, mawe yapo, mijusi hawapo.

Unaweza kushangaa: si ndio hao wanaoota jua? Ndiyo, lakini kila mjusi ana kiwango chake. Joto likivuka kiwango hicho, anakimbilia kivulini au mwambani na kutulia, maana akibaki nje atakufa. Saa anazojificha ni saa ambazo hali chakula. Siku moja haina shida. Lakini saa hizo zikiongezeka hasa katika majira ya kuzaliana, jike hapati nguvu ya kutosha kulea mimba au kutengeneza mayai, na mwaka huo hakuna watoto. Miaka michache ya namna hiyo inatosha kuliua kundi zima bila mjusi hata mmoja kuonekana ameungua. Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza niliufunga, nikatoka nje kwenda kuwatazama walioko ukutani.

Kwa hiyo joto lilelile lililomlisha Barbaturex, likija kwa kasi ya leo, linawanyima chakula jamaa zake wadogo. Mjukuu wako ataelewa ukimweleza kwa saa za mchana. Mwambie ahesabu saa ambazo mjusi yuko nje na saa ambazo amejificha, siku ya joto kali na siku ya kawaida, aandike kwenye daftari. Akinitumia hesabu yake nitaichapa hapa.

Nataka kuyaona mwenyewe meno yaliyoungana na taya. Je, inawezekana bila maabara?

Inawezekana, na nakusihi usiue mjusi kwa ajili hiyo. Subiri umkute aliyekwisha kufa. Ukianza kutazama chini ya kuta na kwenye vizingiti hutangoja sana. Awe agama au kinyonga. Mjusi kafiri wa ndani ya nyumba hatakufaa, meno yake yameegemea ukuta wa taya kama ya kenge.

Vaa glavu, kwa sababu watambaazi hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima. Kata kichwa, kiweke kwenye chupa yenye maji, usifunge kifuniko kwa nguvu, iache nje mbali na watu na watoto. Badilisha maji kila baada ya siku chache. Itanuka, vumilia. Usichemshe, mifupa ya mjusi ni myembamba na itaachana vipandevipande. Nyama ikishalainika na kutoka, suuza kwa maji safi, ondoa mabaki kwa mswaki wa zamani wenye nywele laini, uanike kivulini. Nawa mikono kwa sabuni kila unapogusa.

Mifupa ikishakauka, chukua lenzi ya kawaida ya kukuzia maandishi. Simama mahali penye mwanga wa jua unaotoka ubavuni, sio wa juu, ili kila jino litupe kivuli chake. Anza kutazama nyuma ya taya, kwenye pembetatu zenye ncha, kisha sogea mbele polepole. Uniandikie ni jino la ngapi ncha inapoanza kupotea. Kwangu ni la tano kutoka nyuma.